Kidonge ndani ya kikombe cha nywele za mahindi

Mshauri, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeifuta. Leo naituma bila kuisoma upya, kwa sababu nikiisoma nitaifuta tena.

Mimi ni kitinda mimba kati ya watoto wanne. Nina miaka 31, sijaolewa, na tangu mama afariki miaka minne iliyopita ninaishi na baba. Baba ana miaka 68. Alifundisha hesabu maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu kila kitu kwake kina daftari. Kuna daftari la mvua, daftari la matumizi ya nyumbani, na kwa miaka mitatu sasa kuna daftari la presha. Asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, na jioni, anakaa kwenye kiti kilekile, anapumzika dakika tano, anajipima, anaandika. Namba ya juu, namba ya chini, mapigo ya moyo. Haruki siku.

Alipogundulika kuwa na presha alipewa amlodipini, kwanza miligramu 5, baadaye 10. Presha ilishuka vizuri. Tatizo lilikuwa miguu. Ilianza kuvimba, hasa jioni. Akivua soksi zinaacha alama ya pete, na viatu vikawa havimwingii. Alilalamika kliniki. Mara ya kwanza aliambiwa ni umri, mara ya pili akaambiwa apunguze chumvi na asikae sana. Mara ya tatu hakwenda.

Rafiki yake waliyefundisha naye akamwambia kwamba maji yamejaa mwilini, na dawa ya maji ni nywele za mahindi. Azichemshe, anywe vikombe vitatu kwa siku, na vidonge aviweke pembeni ili "kemikali zisigombane na mti". Baba akafanya hivyohivyo, siku hiyohiyo. Ndani ya wiki mbili miguu ilikuwa imerudi kama zamani, na presha siku za mwanzo wala haikupanda. Mshauri, ungemwona! Alivaa viatu vyake vya ngozi akazunguka nyumba nzima kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Tangu siku hiyo anatembea kila jioni, na chumvi ameipunguza kweli.

Kufika mwisho wa mwezi namba zikaanza kupanda. 150, 160, halafu jioni moja 188 kwa 106. Nilimsihi arudie vidonge. Akasema mti hufanya kazi polepole, nimpe muda. Nikampigia kaka mkubwa, wakazozana kwenye simu, baba akakata. Mama yetu alikufa kwa kiharusi, na ni mimi niliyemkuta sakafuni. Sikuweza kukaa naangalia 188 ikiandikwa kwa kalamu iliyochongwa vizuri.

Kuchemsha ni kazi yangu. Usiku ule nilichukua kidonge chake kimoja, nikakikata nusu, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko, asubuhi nikakikoroga kwenye kikombe chake na asali kidogo ya kuficha ladha. Nilijiambia ni siku chache tu, hadi namba zishuke. Sasa ni miezi saba.

Namba zilishuka. Anacheza kwenye 136 au 138 kwa 84, na miguu haijavimba tena. Mara mbili amepata kizunguzungu akiinuka kitandani, akasema ni uzee. Anaamini kwa moyo wote kwamba nywele za mahindi zimemponya, na kwa nini asiamini? Ana daftari. Tarehe aliyoacha vidonge ameipigia mstari kwa wino mwekundu. Niliposafiri kikazi siku tisa, binti wa kaka akabaki akimchemshia, na presha ikafika 168. Baba aliandika pembeni: "Maji yamezidi, dawa nyepesi."

Ningeweza kuendelea hivi. Lakini wiki tatu zilizopita jirani yetu, mama wa makamo ambaye naye ana presha ya miaka mingi, alikuja kuomba ushauri. Baba akamfungulia daftari, akamwonyesha ukurasa kwa ukurasa. Jana tumekutana njiani, akaniambia kwa furaha kwamba naye ameacha vidonge vyake vyote, na kwamba anamshukuru sana mwalimu. Nikatabasamu. Nikamwambia, "Hongera." Tangu hapo sijalala.

Nikisema, baba atajua kwamba mtoto aliyemwamini kuliko wote amekuwa akimnywesha dawa kwa siri kama mtu asiye na akili zake, na kwamba daftari lake la miezi saba ni uongo mtupu. Hatapokea tena hata maji mkononi mwangu. Na vidonge hatarudia, namjua. Nikinyamaza, huyu mama je? Na atakayefuata?

Usinitaje jina.

Mchemshaji

Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi kama baba yako. Naona mambo mawili umeyafunga kwenye kitambaa kimoja. La kwanza ni la ndani ya nyumba yenu: unampa baba dawa bila yeye kujua, na mlango wa kutokea huuoni. La pili limeshatoka nje: mtu mwingine ameacha dawa zake kwa kuamini namba ambazo wewe peke yako unajua zilikotoka. Ukiyabeba yote kwa mkupuo yatakuelemea, na ndiyo maana hulali. Lakini mwendo wake si mmoja. La baba lina miezi saba, linaweza kupangiwa siku. La jirani halina nafasi hiyo.

Kwa hiyo tuanze kwa jirani, ingawa wewe umemweka mwisho wa barua. Kwake huhitaji kuungama chochote ili useme kweli. Unaweza kumwambia, "Mama, jana nilikupongeza haraka mno. Kuna mambo ya matibabu ya baba hayakuandikwa kwenye lile daftari. Usilitumie kuacha dawa zako. Twende tukapime presha." Hapo hakuna neno la uongo. Hatari yake ni kwamba anaweza kwenda moja kwa moja kumuuliza baba ni mambo gani hayo. Basi nenda kwake ukijua kwamba mazungumzo na baba yanaweza kukufikia jioni ileile, kabla hujajiandaa. Kama hilo linakutisha, nakuelewa. Lakini hatujui mama huyu anatumia dawa zipi, na zipo ambazo kuachwa ghafla ni hatari ya peke yake. Za kundi la atenololi na propranololi zikikatwa mara moja zinaweza kuuumiza moyo ambao mishipa yake tayari ina matatizo, na klonidini ikikatwa huweza kuirusha presha juu kuliko ilivyokuwa kabla ya dawa. Wala asirudie vyote kwa kukisia. Aende alikoandikiwa, aseme waziwazi kwamba ameacha na ni tangu lini. Akipata maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kwa ukali, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama, hapo ni hospitali papo hapo. Dalili hizo unazijua kuliko mimi. Pole sana kwa mama yako.

Sasa kikombe chenyewe.

Nisingependa uende kwa baba ukiwa na dharau kwa nywele za mahindi, kwa sababu hazistahili dharau. Kila unywele mmoja umeshikana na punje moja. Chavua ikitua kwenye ncha ya unywele, huota kamrija kanakoshuka ndani yake hadi chini, na punje inatungwa. Ukiona gunzi lenye mapengo, ujue kuna nywele ambazo hazikupata chavua. Wenyeji wa asili wa Marekani, Wachina, Waturuki na wengine wengi wamezichemsha kwa ajili ya mkojo, kibofu, mawe ya figo na uvimbe. (Na hata tukiziita dawa ya asili, neno hilo lina mipaka yake. Mahindi yalianzia Meksiko, na huku kwingine duniani yalifika baada ya 1492 tu. Mababu zetu wa kale hawakuyajua.) Ndani ya nywele hizo kuna potasiamu, kuna flavonoidi, yaani aina ya kemikali za mimea, ikiwemo moja iitwayo maisini ambayo mmea huitumia kujikinga na viwavi. Kwa maneno mengine mti nao ni kemikali, rafiki wa baba atusamehe.

Je, zinatoa maji mwilini? Kwa panya waliopewa kiasi kikubwa, mkojo umeonekana kuongezeka. Kwa watu picha ni hafifu. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti uliopima mimea minne ya tiba za kienyeji za Vietnam, nywele za mahindi zikiwemo, kwa watu wazima wenye afya. Mkojo wa saa 12 na wa saa 24 haukuzidi ule wa waliokunywa kitu kisicho na dawa. Hao hawakuwa wagonjwa, kwa hiyo utafiti huo haufungi mjadala. Lakini mtu akisema nywele za mahindi peke yake zitashusha 188 hadi 138 na kuishikilia hapo miezi saba, ushahidi wa kumuunga mkono sijauona.

Kuna jambo kwenye barua yako limenishika zaidi ya hayo yote, nalo ni miguu.

Kuvimba vifundo vya miguu ni athari inayojulikana sana ya amlodipini, na huongezeka dozi ikiongezeka. Kwa miligramu 10 huwapata watu wengi zaidi kuliko kwa 5. Tena si maji yaliyozidi mwili mzima. Dawa hulegeza mishipa midogo inayoleta damu, ile inayoirudisha haikulegezwa kwa kiasi hichohicho, basi majimaji yanachuja na kutuama chini. Ndiyo maana hata dawa halisi za kukojosha mara nyingi hazisaidii sana uvimbe wa namna hii. Kinachousaidia ni kupunguza dozi, kubadili dawa, au kuongeza dawa ya kundi lingine inayolegeza na ile mishipa ya kurudisha damu.

Sasa rudi kwenye daftari. Baba aliacha kidonge na kuanza nywele za mahindi siku moja. Miguu ikapona ndani ya wiki mbili. Kwa mtu yeyote mwenye akili, aliyeanza ndiye aliyeponya. Lakini aliyeondoka ndiye aliyekuwa akivimbisha. Presha nayo haikupanda siku za kwanza kwa sababu amlodipini hutoka mwilini polepole, nusu yake tu kwa kila saa 30 hadi 50, kwa hiyo aliendelea kulindwa na kidonge alichokuwa ameshakitupa. Hapo ulipokuja wewe na nusu yako, ukamrudisha kwenye miligramu 5, dozi ambayo miguu yake inaivumilia. Bila kujua ulifanya kile ambacho huenda daktari angekifanya kama malalamiko yake yangesikilizwa vizuri.

Kwa hiyo unaponiambia "vidonge hatarudia, namjua", niruhusu nikuulize taratibu: unajua alikataa nini hasa? Katika barua yako sioni mzee anayechukia dawa za hospitali. Alizimeza kila siku, akaandika, akaenda kliniki mara mbili kusema miguu inavimba. Akaambiwa ni umri. Mara ya tatu akamwendea aliyemsikiliza, na huyo alikuwa na nywele za mahindi. Labda alichokikataa ni miguu mibovu na kutosikilizwa. Kama ni hivyo, mlango unaoudhani umefungwa huenda haujawahi kubishwa kwa mkono unaofaa. Inawezekana nakosea. Wewe ndiye unayeishi naye.

Upande wa pili, nisikufariji kupita kiasi. Kikombe hicho kina hatari ambazo upendo hauziondoi. Vile vizunguzungu viwili vinanisumbua. Mtu wa miaka 68 akishuka presha anapoinuka anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na hakuna daktari atakayefikiria dawa kwa sababu mgonjwa ataapa hatumii. Akilazwa ghafla au akifanyiwa upasuaji atasema hivyohivyo. Akiandikiwa dawa nyingine ya presha mahali pengine, atakuwa na mbili. Akiumwa figo, potasiamu ya vikombe vitatu kwa siku itakuwa na maana ambayo leo haina, na sijaona kwenye barua yako kwamba figo zake zimepimwa karibuni. Ukiongeza ushauri wa kijinga kutoka kwa mtu mwingine, mathalani kubadilisha kidonge, mambo yanaharibika zaidi. Amlodipini ya kawaida si kidonge cha kuachia dawa polepole, lakini nifedipini, dawa nyingine ya presha, ile ya kuachia polepole ukiisaga unammiminia mtu dawa ya siku nzima kwa dakika chache. Tafadhali usisage kidonge kingine chochote.

Nywele zenyewe pia uzitazame. Hukaa nje ya gunzi wakati ule ambao wakulima wengi hupulizia viuatilifu dhidi ya viwavi. Na kuvu wanaotengeneza sumukuvu hupenda kuingilia kwenye gunzi kupitia nywele hizohizo zikishageuka kahawia. Kuchemsha hakuiondoi sumukuvu. Zenye madoa meusi au harufu ya ukungu zitupwe, na zisizojulikana shamba zilikotoka zitiliwe shaka.

Kuna na lile ambalo umelisema mwenyewe kwa uchungu, "kama mtu asiye na akili zake". Baba ana akili zake timamu, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kukataa dawa hata pale tunapoona anakosea. Uliivuka haki hiyo usiku ule ukiwa na picha ya mama yako sakafuni. Sitakuhukumu kwa usiku ule. Miezi saba iliyofuata ni kitu kingine, na nadhani hilo ndilo linalokuamsha, kabla hata ya jirani.

Ufanyeje basi? Njia ninazoziona zote zina miiba.

Kuna ya kuacha kimyakimya, daftari liseme lenyewe. Najua inakuvutia, kwani hakuna kuungama, namba zitapanda na baba atazinduka. Lakini ulishaijaribu bila kukusudia zile siku tisa, naye akapata maelezo: maji yamezidi. Atapata mengine. Na wakati akiyatafuta, presha inaweza kuwa 188 tena, au zaidi. Pia utakuwa umemfanyia jaribio asilolijua, juu ya lile la kwanza. Hii ndiyo njia inayonitia hofu kuliko zote. Vilevile sitakuambia uendelee kusaga. Ninachokuomba ni kwamba kikombe kisibadilike ghafla kabla hujaongea na mtu wa tiba.

Kumpata huyo mtu wa tiba ndiyo njia ya pili. Daktari, muuguzi wa kliniki ya presha, au hata mfamasia mwenye busara. Unakwenda peke yako, unasema yote kuanzia nusu ya kidonge, unauliza mambo mawili: dozi hii ni salama, na kwa miguu ile kuna dawa gani mbadala? Mtunza siri wa kazi hiyo hatakimbilia kwa baba. Lakini uliza mapema atafanya nini na habari utakayompa, maana wapo watakaokataa kushiriki kuficha, na wana sababu zao. Faida ya njia hii ni kwamba utakwenda kwa baba na kitu mkononi mbali na machozi. Ubaya wake ni kwamba siku nyingine zitapita, na ukweli ukimfikia baada ya kuwafikia wageni utamuuma zaidi.

Kumtanguliza kaka? Kwa jinsi ile simu ilivyokatwa, sidhani. Siri ikipita kwa mtu mwenye hasira hufika ikiwa silaha. Labda yupo mwingine kati ya hao ndugu zako, ambaye hukumtaja.

Halafu kuna kumkabili baba mwenyewe. Kama utafika huko, fikiria uanze na miguu, kidonge kije baadaye. "Baba, nimegundua kwa nini miguu yako ilivimba. Ulikuwa sahihi, haikuwa umri." Hiyo ni haki yake aliyonyimwa mara mbili, na ukimpa kwanza, anayeisikia sehemu ya pili atakuwa mtu aliyesikilizwa. Sehemu ya pili haina maneno mazuri. Itamlazimu ajue ulichofanya, kwa muda gani, kwa kiasi gani. Anaweza kunyamaza wiki nzima. Anaweza kweli kukataa kikombe chako na kujichemshia mwenyewe, na vidonge asivitazame. Hilo likitokea, utakuwa na baba mwenye presha isiyotibiwa ambaye angalau anajua kuwa haijatibiwa, na mtu wa namba akijua hivyo anaweza kufikiri upya. Anaweza pia asifikiri. Siwezi kukuahidi.

Ila neno lako moja sikubaliani nalo, kwamba daftari ni uongo mtupu. Kila namba mle ndani ni ya kweli. 188 ilikuwa 188, na 138 ni 138. Sehemu ya ushushaji huo ni ya kwake halali, kwa chumvi aliyoipunguza na kutembea kila jioni, na vyote viwili hushusha presha bila ubishi. Hata ile 168 ya safari yako ameiandika kwa uaminifu, akaikosea maelezo tu kwa kuwa hakuwa na taarifa. Daftari la baba lina upungufu wa safu moja, na safu hiyo iko kichwani mwako.

Iandike. Chukua karatasi usiku wa leo, ukishatoka kwa jirani, uweke tarehe ulipoanza, kiasi ulichoweka, siku ulizosahau kama zipo, siku tisa za safari, asubuhi mbili za kizunguzungu. Daktari ataihitaji, ukimchagua. Na siku utakapokaa mbele ya baba, iwe wiki hii au baadaye, iwe mfukoni, kwa sababu huyo mzee unayenieleza, hata akiwa na hasira kiasi gani, ataiomba.